Ujumbe huo unatoka wapi? Kutibu vidirisha vinavyoibuka kwenye kompyuta ya nyumbani

Mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni alinijia Ngamiani, hapa Tanga, na kompyuta yake ameifunga ndani ya kanga. Alikuwa ameizima, na chaja ameiacha nyumbani makusudi ili mtu asije akaiwasha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii inaniambia ina virusi vitano na picha zangu zinafutwa moja moja. Tangu juzi sijaigusa."

Ndani mlikuwa na picha za harusi za wanawe na historia ya ukoo wao aliyoiandika kwa miaka. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine, akaambiwa dawa ni kupiga window upya, yaani kuifuta Windows na kuiweka tena, na vilivyomo vyote vitaondoka. Alikataa, na namshukuru Mungu alikataa, kwa sababu kompyuta ile haikuwa na kirusi hata kimoja. Ilikuwa na ruhusa moja aliyoitoa mwenyewe bila kujua, usiku aliokuwa akitafuta mtandaoni mahali pa kuitazama Coastal Union bure. Kuiondoa hakukufika dakika mbili.

Si wote wenye bahati ya mwalimu. Nimeona watu wakipoteza picha za wazazi waliokwisha kufariki kwa sababu ya kijisanduku cha matangazo. Kila kinachojitokeza kwenye kioo bila kuitwa tumekipa jina moja, virusi, na kwa sababu jina ni moja tunadhani na dawa ni moja. Lakini kila ujumbe una kwao. Ukikujua kwao, mara nyingi dawa ni ndogo na haigusi faili zako. Usipokujua, unaweza kupiga window mara tatu na ukaukuta unakusubiri, na hapo mbele nitaeleza inakuwaje.

Chunguza kabla ya kubofya

Ujumbe ukitokea, usiubofye popote, hata kwenye alama ya kuufungia iliyochorwa ndani yake, maana mara nyingine alama hiyo ni sehemu ya picha na kuibofya ni sawa na kukubali. Utazame. Umetokea sehemu gani ya kioo? Una maandishi madogo chini ya kichwa chake? Ulikuwa unafanya nini wakati huo? Andika kwenye karatasi au upige picha kwa simu, kwa sababu ukifika kwa fundi na maneno "inaleta vitu vya ajabu" humsaidii kitu.

Kisha fanya majaribio mawili. Funga brauza yako yote, iwe Chrome, Edge au Firefox, uendelee na kazi nyingine kwa nusu saa. Kama ujumbe ulikuwa unakuja kila baada ya dakika chache na sasa umetulia, kwao ni kwenye brauza. Jaribio la pili ni kukata intaneti kabisa, kwa kuzima Wi-Fi au hotspot ya simu. Ujumbe unaoendelea kuja wakati hakuna intaneti unatoka kwenye programu iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, na huo tutautafuta mahali pengine.

Nyumba nyingi hapa Tanga zinatumia kompyuta za mtumba. Zipo zenye menyu za Kiingereza, na nimeshika zenye Kijerumani na Kiholanzi. Kwa hiyo badala ya kukutajia majina ya vitufe, nitakupa maneno ya kuandika ambayo yanafanya kazi kwa lugha yoyote. Yanayoanza na chrome:// au about: yaandike juu ya brauza, pale panapoandikwa anwani ya tovuti. Mwenye Edge aandike edge mahali pa chrome. Mengine yote yana njia yake: shika kitufe chenye alama ya dirisha, bonyeza herufi R, kisanduku kidogo kitafunguka, andika humo kisha bonyeza Enter.

"Kinatokea pembeni, chini kulia, hata nikiwa naandika barua"

Huu ndio ugonjwa wa mwalimu, na katika kompyuta za nyumbani zinazonijia ndio unaoongoza.

Brauza za siku hizi zinaziruhusu tovuti kutuma arifa. Ni kitu chema kilipotoka. Gazeti linakuarifu habari mpya, barua pepe inakuarifu umeandikiwa. Tovuti inaomba ruhusa mara moja, ukikubali inaandikwa kwenye orodha, na kuanzia hapo inaweza kukutumia ujumbe hata kama ukurasa wake umeshaufunga na umeusahau. Matapeli wakaona mlango. Wanakuwekea video ya mpira ambayo haianzi, wanaandika: "Bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti." Mtu ana haraka, mechi imeshaanza, anabofya. Video haiji. Kesho yake asubuhi anaanza kuambiwa kompyuta yake inakufa.

Utautambua kwa maandishi madogo. Ujumbe wa namna hii huwa na jina la brauza na anwani ya tovuti iliyoutuma, mara nyingi anwani ya herufi zilizovurugwa ambayo hujawahi kuisikia. Picha inaweza kuwa ya antivairasi maarufu, maneno yanaweza kuwa makali na mekundu, lakini yale maandishi madogo yanawekwa na brauza yenyewe na tapeli hawezi kuyafuta. Jizoeze kuyasoma kwanza.

Dawa yake ni kuandika chrome://settings/content/notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Kila usiyoijua, gusa vidoti vitatu vilivyo mbele yake uiondoe au uizuie. Kwa Firefox, andika about:preferences#privacy, shuka hadi kwenye ruhusa, utaikuta orodha ya arifa. Ukiwa hapohapo chagua tovuti zisiruhusiwe tena kuomba. Ushauri wangu kwa kompyuta ya familia ni kuzuia zote bila kubakisha. Sijaona mtu aliyejuta kwa kukosa arifa za tovuti kwenye kompyuta, maana habari na barua pepe zinamfikia kwenye simu.

Kama vijisanduku vinakuja hata ukiwa umefunga brauza, andika chrome://settings/system. Kuna swichi inayoiruhusu Chrome kuendelea kufanya kazi kwa chini baada ya kufungwa. Izime.

Watu huniuliza: sasa kama sina virusi, wamejuaje kwamba nina picha? Hawajui. Kumbuka ule ujumbe wa simu tunaoufahamu sote, "ile hela tuma kwenye namba hii." Anayeutuma hajui kama unadaiwa. Anaurusha kwa watu wengi, akitegemea mmoja wao awe kweli ana hela ya kutuma siku hiyo. Kuupokea hakujakudhuru. Na hapa ni vilevile. Ujumbe unasema picha zinafutwa kwa sababu karibu kila kompyuta ya nyumbani ina picha.

"Kioo kizima kimejaa, king'ora kinalia, na kuna namba ya simu"

Huu unatisha kuliko wote, na ndio ambao ukiuzima sawasawa haubakizi chochote. Ni ukurasa wa tovuti uliojitanua ukajaza kioo. Unaficha mshale wa kipanya, unapiga kelele, unasema ni Microsoft na kwamba ukizima kompyuta utapoteza data. Ujumbe wa hitilafu wa Microsoft hauweki namba ya simu ya kupiga. Ukiiona namba, hukumu imeshatoka.

Shika Esc kwa sekunde chache, au bonyeza F11, kioo kitarudi kwenye ukubwa wake. Kisha Alt pamoja na F4. Isipokubali, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, orodha ya programu ikifunguka chagua brauza kwa vishale vya kibodi, bonyeza Delete. Hata hapo ikigoma, shika kitufe cha kuwashia kompyuta mpaka izime. Ukiwasha tena, brauza itakuuliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi. Kataa. Wengi wanafanya yote vizuri halafu wanakubali hapa, king'ora kinaanza upya, wanaamini kirusi kimejificha.

Kama umeshapiga ile namba, hali ni nyingine kabisa. Yule mtu atakuwa amekwambia uweke programu ya kumruhusu aione na kuitawala kompyuta yako kutoka alipo. Kata intaneti sasa hivi, kabla ya kusoma sentensi inayofuata. Kisha andika appwiz.cpl, tafuta programu aliyokuagiza uiweke, iondoe. Chukua kifaa kingine, simu yako au kompyuta ya jirani, ubadilishe nenosiri la barua pepe kwanza, maana barua pepe ndiyo inayofungulia akaunti nyingine zote. Ulimtajia namba za kadi? Piga benki yako ifunge kadi hiyo leo, usingoje kesho. Na usione haya kuwaeleza nyumbani. Nimekuwa na kijana wa duka la vipuri aliyeficha siku nne kwa aibu, na katika siku hizo nne ndipo hela ilipotoka.

"Kila nikifungua brauza inakwenda ukurasa nisioutaka"

Au matangazo yanajipachika ndani ya tovuti ambazo hazikuwa nayo. Au ukitafuta kitu, majibu yanatoka kwenye mtambo wa utafutaji usiokuwa wako. Hapa kuna kitu kimewekwa kweli, lakini aghalabu ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya brauza. Andika chrome://extensions. Ondoa kila usichokumbuka kukiweka, hasa vya kuponi za bei, vya kubadilisha mafaili kuwa PDF na vya kupakulia video.

Kikikataa kuondoka, au kikirudi chenyewe, andika chrome://policy. Ukurasa huo unaonyesha amri zinazotolewa na mwenye kompyuta za ofisi. Kwenye kompyuta ya nyumbani kwa kawaida huwa mtupu. Ukikuta humo amri inayolazimisha kiendelezi kiwekwe, ujue iko programu ndani ya kompyuta iliyoiandika, na kupambana na brauza peke yake ni kufagia maji wakati bomba liko wazi. Rudi appwiz.cpl, bofya juu ya safu ya tarehe ili programu zipangwe kwa siku zilipowekwa, ukumbuke tatizo lilianza lini. Mara nyingi mwenye kosa anakaa palepale, siku hiyohiyo, pamoja na wenzake wawili watatu walioingia naye. Wanaingia kwa kujificha ndani ya programu ya bure uliyoitaka. Ile hatua unayobofya "endelea, endelea, endelea" bila kusoma ndiyo iliyowapitisha.

Baada ya kuziondoa, chrome://settings/reset inairudisha brauza kwenye hali yake ya mwanzo. Haifuti alamisho zako wala nenosiri ulizohifadhi.

Sasa lile la kupiga window tena na tena. Bibie mmoja wa Makorora, mshonaji, kompyuta yake ilipigwa window mara mbili kwa tatizo hilihili, likarudi siku ileile. Alikuwa anaingia Chrome kwa akaunti yake ya Google, na Chrome husawazisha viendelezi. Maana yake vimehifadhiwa kwenye akaunti, na kila unapoingia kwenye kompyuta mpya vinakufuata. Mara mbili alilipa, mara mbili akapoteza michoro ya vipimo vya wateja, na ugonjwa haukuwahi kukaa kwenye kompyuta. Tulikiondoa kiendelezi akiwa ameingia kwenye akaunti, kikaondoka kote.

"Hata intaneti ikikatwa kinakuja"

Kuna programu inayojiwasha pamoja na kompyuta. Andika ms-settings:startupapps, utaona zote na swichi zake. Zima usizozijua, washa upya, uone. Hutaharibu kitu. Ukizima isiyostahili unaiwasha tena. Kama ni kidirisha cheusi kinachomulika na kutoweka kwa saa zilezile kila siku, andika taskschd.msc utazame kazi zilizopangiwa saa.

Kisha safisha. Windows 10 na 11 zinakuja na antivairasi yake, Defender, na kwa nyumba ya kawaida inatosha. Andika windowsdefender: pamoja na ile nukta pacha ya mwisho. Fanya ukaguzi kamili. Ukishuku kitu kinachojificha, chagua ukaguzi wa nje ya mtandao, ambao huizima kompyuta na kuikagua kabla Windows haijaamka, ili mwizi asipate nafasi ya kujibanza. Huchukua kama dakika 15. Hakikisha betri imejaa au umeme hauna dalili ya kukatika.

Mara nyingine kinachokusumbua ni antivairasi halali iliyokuja na kompyuta kwa majaribio, muda wake umekwisha na sasa inadai ulipie. Iondoe kwa appwiz.cpl. Defender itaamka yenyewe. Usiweke antivairasi mbili kwa kudhani zitasaidiana. Zinashikana zenyewe na kompyuta inakuwa nzito.

Na hapa nina neno kuhusu kraki, vile vifaa vya kuifungua programu ya kulipia bila kuilipia. Najua kwa nini watu wanazitumia, bei ya programu halali nimeiona na mshahara wa mwalimu naujua. Lakini tazama zinachokuomba. Karibu zote zinasema, kwanza zima antivairasi. Umemwambia mlinzi alale, ukafungua geti, ukamkaribisha mtu usiyemjua mpaka chumbani. Zikiwa na kirusi, na nyingi ninazozikuta zinacho, hakuna wa kukuamsha. Kwa barua, mahesabu na mitihani ya shule, LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua mafaili ya Word na Excel. Nawawekea watu kila wiki.

"Kila tovuti inaniambia muunganisho si salama"

Kabla ya kitu kingine, tazama saa ya kompyuta. Kama inasema mwaka 2015, umeshapata jibu. Tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayodhani tuko 2015 inaviona vyeti vyote ni vibovu. Kwenye kompyuta za mezani za mtumba hili hutokea sana, kwa sababu kidonge cha betri kinachotunza saa kimekufa. Ni kile cha CR2032, duara kama sarafu, kinauzwa hata kwa mafundi saa. Badilisha, kisha andika timedate.cpl urekebishe tarehe.

Tarehe ikiwa sahihi na onyo linatoka kwenye tovuti moja tu, litii na uondoke, hasa kama tovuti hiyo inataka nenosiri. Nimesema hivi kwa sababu mtu mwenye betri iliyokufa huzoea kubofya "endelea hivyohivyo" kila siku, na siku ya onyo la kweli analipita kama kawaida yake.

Jumbe ambazo ni za kweli

Si kila ujumbe ni tapeli. Anayesema Windows yako haijasajiliwa, kwa maandishi hafifu kwenye kona, ni Windows yenyewe. Anayesema diski ina tatizo na unapaswa kunakili mafaili yako anaweza kuwa anasema kweli, na huyo msikilize kuliko wote. Nakili picha usiku huohuo, maswali baadaye.

Wenye Windows 10 wameona ujumbe kwamba muda wake umekwisha. Ni kweli. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na kujiandikisha ni kwenye ukurasa uleule wa masasisho, ms-settings:windowsupdate. Kompyuta isiyokidhi masharti ya Windows 11 haijafa. Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa mahali pa Windows, inakaa vizuri kwenye mashine kuukuu na nimewapa wazee ambao hawakuona tofauti kubwa. Windows 7 ilikoma tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ilikuwa toleo la 109, la mwaka 2023. Kwenye hiyo usifanye mambo ya benki.

Ujumbe wa kusasisha Flash Player, ile programu ya zamani ya kuchezea video na gemu kwenye brauza, ni uongo siku zote. Flash ilikoma mwisho wa mwaka 2020. Hakuna wa kuisasisha.

Flashi iliyotoka stationari

Unapeleka barua kuchapisha, unarudi nyumbani, folda zote kwenye flashi zimegeuka njia za mkato (shortcut), na ukibofya unaletewa onyo. Mafaili yako hayajaenda popote. Kirusi kimeyaficha na kuweka vifano vyake mahali pao. Zamani virusi vya flashi havikuhitaji hila hii. Conficker, kilichoanza kusambaa Novemba 2008, baadaye kilipata njia ya flashi pia, kikijiwasha chenyewe mara tu inapochomekwa, kwa sababu Windows za wakati ule zilikuwa zinatii faili la kujiendesha. Windows 7 ilipotoka ilikuwa imeshaacha tabia hiyo kwa flashi, na mwaka 2011 Microsoft ilituma sasisho la kuifunga kwenye XP na Vista. Tangu hapo kirusi cha flashi kwa kawaida kinahitaji ukibofye wewe, ndiyo maana kinavaa sura ya folda yako.

Kwa hiyo usibofye. Ikague flashi kwa Defender kwanza. Kisha andika cmd, dirisha jeusi litafunguka, na kama flashi yako ni herufi E, andika humo attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Folda zako zitarudi kuonekana. Zinakili, futa njia za mkato, flashi uisafishe yote. Kwa kuchapisha, tengeneza flashi ndogo isiyobeba chochote ila karatasi ya siku hiyo, au tuma faili kwa barua pepe.

Kufunga milango

Wenye umri wangu watakumbuka vidirisha vya kijivu kwenye Windows XP vyenye kichwa cha huduma ya Messenger, vilivyotokea hata bila brauza. Vilipita kwenye huduma iliyotengenezwa ili wasimamizi wa ofisi wawaandikie wafanyakazi, nayo ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Watu walihangaika kuvifunga kimoja kimoja. Vilikwisha Agosti 2004, lilipokuja sasisho kubwa la pili la XP, lililoizima huduma ile na kuwasha ngome ya moto (firewall), inayozuia wageni wa mtandaoni, kwa kila mtu.

Sasisho ndilo tunalolikimbia kwa sababu ya bando, na naelewa, linakula MB. Lakini angalia WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Sasisho la kukizuia lilitoka tarehe 14 Machi 2017, na kirusi kikalipuka duniani tarehe 12 Mei. Wenye kompyuta walikuwa na karibu miezi miwili. Tumia bando la usiku, mara moja kwa mwezi, iache kompyuta ijisasishe hadi asubuhi.

Jambo la pili, ambalo naliona muhimu kuliko antivairasi ya kununua, ni kuacha kutumia akaunti ya msimamizi kila siku. Tengeneza akaunti mpya ya msimamizi kwa ms-settings:otherusers, iwekee nenosiri na uliandike mahali salama, ingia nayo mara moja kuhakikisha inafunguka, ndipo uishushe akaunti yako ya kila siku iwe ya kawaida. Watoto nao wape yao. Kuanzia hapo programu inayotaka kujiingiza kwenye Windows itaomba nenosiri ambalo mtoto anayetafuta gemu hana.

Rauta nayo, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Chini yake pameandikwa anwani, kama 192.168.1.1 au 192.168.8.1, na nenosiri la kiwandani. Libadilishe, maana mara nyingi la kiwandani linajulikana na yeyote mwenye rauta ya aina hiyo.

Kupiga window kuna siku yake: Defender inapozimika yenyewe kila ukiiwasha, mafaili yanapogeuka yasifunguke na ujumbe ukadai fidia, au mgeni alipoitawala kompyuta kwa mbali na hujui alichoacha. Siku hiyo, kabla fundi hajagusa kitu, nakili kwenye diski ya nje folda za picha, nyaraka, video na vyote vilivyo kwenye kioo cha mwanzo. Fungua folda C:\Users uone majina yote ya watumiaji, kwa sababu picha za mkeo zinaweza kuwa chini ya jina lake na si lako. Chomoa diski, uichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye antivairasi iliyosasishwa, uikague, kisha ufungue picha tatu nne kutoka kila folda uhakikishe zinaonekana. Mwalimu wa Chumbageni sasa ana diski ya namna hiyo, imo kabatini ndani ya kanga ileile, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi huitoa akaongeza kurasa alizoandika.